Mwajiri akiwa ndiye mwenye nyumba: Pullman na Swindon

Likitajwa eneo la viwanda la Dongo Kundu, Mombasa, barazani kwetu mtaa wa Majengo huzuka swali lile lile: wafanyakazi watalala wapi? Wako wanaotaka kampuni ziwajengee watu wao, kama reli ilivyojenga landhi, nyumba za wafanyakazi wake. Wako wasiotaka hata kulisikia. Ipo miji miwili ya reli iliyokwisha kuyaonja hayo.

Wa kwanza ni Pullman, uliojengwa kuanzia 1880 kusini mwa Chicago na George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala. Nyumba zilikuwa za matofali, na maji ya bomba na gesi ndani. Kulikuwa na bustani na maktaba. Haki yake apewe: vibarua wachache wa zama zile walikaa vizuri hivyo. Ila hakuna aliyeweza kununua nyumba, na hata kanisa lilikuwa la kukodi. Aliyetaka nyumba yake mwenyewe, au glasi ya bia, alivuka kwenda vitongoji vya jirani. Uchumi ulipoporomoka 1893, kampuni ikakata mishahara na kodi ikabaki pale pale. Mei 1894 wakagoma, treni zikakwama sehemu kubwa ya Marekani, jeshi likaitwa. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Illinois ikaamuru kampuni iachane na nyumba zile.

Swindon, Uingereza, ulianza kwa ukata. Karakana ya kampuni ya reli ya Great Western ilifunguliwa 1843, lakini reli haikuwa na pesa za makazi. Wakandarasi wakajenga stesheni na nyumba kama 300 kwa gharama zao, nao wakapewa mgahawa wa stesheni: kila treni isimame dakika 10, abiria wale. (Reli ilijikomboa na mkataba huo 1895, kwa pauni 100,000. Biashara ya chai hiyo!) Nyumba zilikuwa ndogo na watu walibanana, hazifiki za Pullman. Lakini mwaka 1844 wafanyakazi walianzisha taasisi yao ya masomo, na 1847 mfuko wa matibabu uliochangiwa kutoka mishaharani.

Mimi naelemea Swindon, si kwamba mwajiri wa kule alikuwa mpole; watu walikuwa na chombo chao cha kusemea. Kumiliki kuta peke yake hakutoshi, sisi wa Majengo twajua: nyumba yako, ardhi ya mwingine. Kwa hiyo Dongo Kundu ningeuliza kwanza mkataba unasemaje juu ya notisi ya kuhama. Pullman ilikuwa siku 10.