Mnagombania kitufe, mie nauliza flashi inachomekwa wapi

Apple walipotoa Mac mini mpya, kile kikompyuta chao kidogo cha mezani, ile ya chipu ya M4, Novemba 2024, gumzo la kwanza halikuwa kasi wala bei, lilikuwa kitufe. Kitufe cha kuwashia wamekiweka chini ya mashine, kona ya nyuma, yani ili uiwashe unainyanyua kidogo halafu unapenyeza kidole kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kabati. Upande mmoja ukacheka mpaka basi, na wakakumbushia mausi yao ambayo tundu la chaji liko tumboni, ukiichaji huwezi kuitumia, wakasema hawa jamaa wana ugomvi gani na upande wa chini wa vitu. Upande wa pili ukajibu kwa ukali, nani anazima kompyuta siku hizi, si inalala yenyewe unagusa kibodi inaamka, hata wakubwa wa Apple walipoulizwa walijibu hivyohivyo, kwamba mashine imekuwa ndogo na kitufe chenyewe mtu hakigusi mara kwa mara.

Sasa mie nina steshenari hapa Kabwe, Mbeya, na fremu nashea na dogo mmoja anayeediti video za harusi na sendofu, na huyo dogo ndo kanunua kidude chenyewe, alimwagiza mtu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai. Kwahiyo nimekaa nacho meza kwa meza miezi ya kutosha. Na nilichogundua ni kwamba hizo pande mbili zote zinaongea kama watu ambao umeme wao haukatiki.

Nani anazima kompyuta? Sie hapa hatuzimi, tunazimiwa. Na masika yakianza, kuanzia Novemba huko mpaka Aprili, wingu likishatanda mlima Loleza hakuna anayesubiri kuambiwa, kila fremu utasikia watu wanachomoa waya ukutani kabla radi haijaanza kupiga. Mwaka juzi mie nilichelewa dakika mbili tu, nilikuwa namalizia kuskani vyeti vya mtu, ikapiga moja na pawasaplai ya sipiyu yangu ya mtumba ikaenda na harufu yake. Kwahiyo anayesema kitufe hakiguswi aje akae hapa wiki moja ya Februari.

Lakini na hao wanaocheka nao hawajauliza vizuri. Kwenye setingi za ile mashine kuna sehemu unaweka tiki, umeme ukikatika halafu ukarudi inajiwasha yenyewe bila kuguswa. Dogo aliweka hiyo tiki siku ya kwanza, akatamba sana. Baada ya wiki akaitoa. Kwasababu umeme wa huku haurudi mara moja ukatulia, unarudi, unakata, unarudi tena ukiwa dhaifu taa zinapepesa, halafu ndo unakaa sawa, na hapo katikati hutaki kifaa chako kipya kiwe kinajiwasha na kuzimika kama taa ya bajaji. Anasubiri utulie, ananyanyua kidude kwa mkono wa kushoto, kidole chini, kimewaka. Sekunde mbili. Sijawahi kumsikia akilalamika hata siku moja. Yani kitu kilichopigiwa kelele dunia nzima, kwa mtu anayekigusa kila siku si kitu.

Kitu chenyewe nilikiona siku alipokuja mama mmoja wa kikundi cha vikoba, flashi kaifunga kwenye bando la funguo, anataka katiba ya kikundi iprintiwe nakala kumi na mbili. Sipiyu yangu ilikuwa na foleni ya fomu za mkopo za wanafunzi, nikamwambia dogo msaidie mama. Dogo akapokea flashi, akainama, akageuza kidude mbele. Mbele kuna vitundu viwili vidogo vya Taipu-C na cha hedifoni. Akageuza nyuma, vitundu vitatu vingine vilevile vidogo, HDMI ya skrini, na tundu la waya wa netiweki. Basi. Mama akamwangalia, akasema, "Sasa mwanangu, kompyuta mpya yote hii haina tundu?" Dogo anasema, "Lipo mama, ila mpaka nipate adapta, nimeisahau nyumbani."

Nilicheka, lakini ukikaa ukafikiria hapo ndo penye hoja. Wanaotetea wanasema lile tundu kubwa la USB ni la zamani, Taipu-C ndo imeshika, simu mpya karibu zote zinatumia hiyohiyo, na lazima mtu aanze kuliacha la zamani ili wengine wafuate. Siwapingi kabisa, kwasababu hata hapa kwangu wateja wengi siku hizi wananirushia faili kwa WhatsApp wakiwa bado kwenye daladala, wakifika nimeshaprinti. Miaka kumi iliyopita meza yangu ilijaa flashi zilizosahauliwa, sasa hivi zimepungua sana. Lakini angalia ni nani bado anakuja na flashi. Ni mwalimu mwenye mitihani ya shule ambaye hataki ipite kwenye simu ya mtu, ni kwaya wana nyimbo zao, ni mhasibu wa saccos, na cha kuchekesha zaidi ni dogo mwenyewe! Maana bwana harusi anayelipia video anataka aende nayo nyumbani, achomeke kwenye TV sebuleni, wakwe wakija Kyela waangalie. Na TV ya sebuleni tundu lake ni lilelile kubwa. Kwahiyo unakuta mtu kanunua mashine ya kutengenezea bidhaa ambayo yenyewe haiwezi kuitoa bidhaa mlangoni bila kiunganishi. Alinunua habu, kile kiunganishi cha kuongeza matundu, tena ile ya bei chee, flashi inajitoa katikati ya kukopi. Ya maana ipo lakini hiyo nayo ni hela, na hela ya habu haimo kwenye ile bei inayotangazwa.

Bei yenyewe ilipotoka ilikuwa dola 599, ukiipiga kwa shilingi 2,500 ni kama milioni moja na nusu kabla hujagusa usafiri wala kodi. Na ndani ya boksi hakuna skrini, hakuna kibodi, hakuna mausi, ndo utaratibu wa Mac mini tangu ile ya kwanza ya 2005, unakuja na vyako. Ulaya hiyo ni sifa, mtu ana skrini mbili zimelala stoo. Huku skrini ya mtumba uliyonayo ina uwezekano mkubwa ni ya VGA, lile tundu la zamani, kwahiyo adapta nyingine. Mie sipiyu yangu ninayotumia sasa nilipewa kwa laki nne na nusu na skrini yake na kibodi yake, yani hela ya kile kidude kitupu inanunua seti tatu za namna yangu na chenji inabaki.

Ukiishia hapo utaona nakiponda. Hapana. Kuna upande ambao sipiyu zetu hazikigusi hata kidogo, na nashangaa hausemwi kwa nguvu, nao ni umeme. Apple wenyewe wameandika kikiwa kimetulia kinakula wati 4, kikikimbizwa mpaka mwisho ni 65. Wati nne jamani, taa ya kawaida ya LED inakula zaidi. Skrini ya dogo inakula umeme kuliko kompyuta yenyewe, kitu ambacho mie sikuwahi kukiona. UPS yake, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, ni ile ndogo ya 650VA. UPS ya namna hiyohiyo kwangu inanipa muda wa kusevu na kuzima basi, inapiga kelele kama kuku anataka kutaga. Dogo umeme ukikatika anaendelea kukata vipande vya video na hana haraka. Kwa mtu anayefikiria sola, mtu wa Chunya au Makete ndani ndani huko, hili peke yake linaweza kubadilisha hesabu yote. Wale wanaolalamikia kitufe hawalioni kwasababu kwao hesabu ya umeme inalipwa mwisho wa mwezi, haikatizi kazi.

Halafu spidi. Dogo zamani akirenda harusi ya saa tatu, yani kuitoa video iliyokamilika, alikuwa anaiacha usiku na kuomba Mungu. Sasa anairenda, anaenda kula wali maharage kwa mama ntilie, anarudi imeisha. Na safari hii wameanzia ramu ya GB 16, wakati ile ya Januari 2023 ya M2, bei hiyohiyo ya dola 599, ilikuwa na 8. Hapo hata wapinzani wengi walinyamaza.

Ila sasa, hiyo ramu. Hiyo 16 ndo 16 mpaka kifo. Imo ndani ya chipu, huongezi, hupunguzi, na stoo ya mafaili ya GB 256 harusi moja ya kamera mbili inaijaza, ukitaka 512 toka kiwandani ilikuwa dola 200 nyingine. Stoo kidogo ina afadhali, iko kwenye kadi inayochomoka, lakini si kadi ya kawaida hii ya dukani, na ukibadilisha unahitaji Mac nyingine ya kuirejesha. Dogo ameikwepa kwa kununua SSD ya nje, diski ya kuchomeka, inaning'inia pembeni muda wote.

Na hapa ndo naona mjadala unapotuhusu sisi kuliko mtu wa California. Kompyuta huku haiishi maisha mamoja. Inaanza ofisini huko kwao, inakuja mtumba, inakaa kwangu, ikinishinda inaenda kwa mwanafunzi pale chuoni MUST, ikimshinda yeye fundi wa Mwanjelwa anaichinja anauza viungo. Kila anayeipokea anaongeza kitu, ramu, diski, pawasaplai. Ile yangu iliyopigwa na radi ilikuwa inafanya kazi kesho yake mchana kwasababu fundi alikuwa na pawasaplai imelala dirishani. Kile kidude kikipigwa, nani Mbeya ana kiungo chake kimelala dirishani?

Msidhani ni Apple peke yao. Framework, hao jina lao limejengwa kwa laptopu ambazo unazifungua mwenyewe kwa bisibisi, Februari 2025 walitangaza kompyuta yao ya kwanza ya mezani, na ramu wameigandisha kwenye bodi. Mashabiki wao walijisikia kama wamesalitiwa na kaka. Kampuni ikaeleza kwamba ile chipu ya AMD, Ryzen AI Max, prosesa na grafiki zinakunywa kutoka ramu moja na zinataka iwe karibu sana na njia iwe pana, ukiweka soketi kasi inapungua. Ni kama kisima kikiwa uani na kikiwa ng'ambo ya mto, maji ni yaleyale ila ndoo ngapi kwa saa. Sababu hiyo naikubali, na ndiyo hiyohiyo inayofanya kidude cha dogo kiwe kinakimbia vile. Tofauti ni kwamba Framework vingine vyote waliacha vya kawaida, bodi ya saizi ya kawaida, pawasaplai unabadili.

Na yule wa "ninunue ndogo nitaongeza ramu mbeleni", ambaye ni mie, naye mwishoni mwa 2025 alipata somo. Viwanda vya ramu vimegeukia seva za akili mnemba, bei zikapanda vibaya, Desemba Micron, watengenezaji wa ramu, wakatangaza wanaachana kabisa na Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida kama sisi. Kwahiyo nafasi ya kuongeza ninayo, cha kuongezea ndo kimekuwa ghali. Dogo hilo halikumgusa, yeye alishalipia zake zote siku ya kwanza. Hapo alinishinda na alinisema siku mbili nzima.

Mtu akiniuliza sasa hivi nanunua nini, kwanza namuuliza anafanya kazi gani. Kwa steshenari, kuprinti na fomu, kidude kile ni kumpeleka ng'ombe wa maziwa kulima. Tafuta mtumba, ila angalia kizazi, maana Windows 10 iliishiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 na ile 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane. Muuzaji akikwambia OptiPlex za Dell zote sawa, 7050 haimo kwenye listi ya zinazokubali 11 na 7060 imo, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Atakwambia "imeshawekwa 11 hiyo bosi", ndiyo, kwa kuruka ukuta, yani kwa kukwepa masharti ya Windows. Anayekula kwa video, au yuko sehemu umeme ni wa kubahatisha, achukue hicho kidude, na asikiweke juu ya kitambaa cha kufuma kama dogo, mama yake alimpa kitambaa kizuri cha kutandika meza na upepo wote wa mashine ile unatokea chini kwenye mguu, ikawa ya moto tukadhani imekufa.

Jumatatu iliyopita harusi ilikuwa ya Uyole, kaimaliza mapema, saa nne asubuhi faili liko tayari na bwana harusi kashafika kakaa kwenye benchi. Habu imegoma. Dogo akachomeka waya wa netiweki kutoka kwenye kidude chake cha milioni moja na nusu mpaka kwenye sipiyu yangu ya laki nne na nusu, akaja amesimama na flashi nne mkononi. "Kaka, samahani, naomba matundu."