Pima Mzingo wa Gurudumu Lako Mwenyewe

Mzee mmoja ninayeendesha naye baiskeli kila Jumamosi aliniambia juzi neno lililonikosesha raha siku nzima. "Mwanangu, mimi naona niishie hapa. Nguvu zimekwisha." Ana miaka 63 na milima anaipanda bila kushuka. Akanionyesha kompyuta yake ndogo pale kwenye usukani. Miaka yote wastani wake ulikuwa kilomita 25 kwa saa. Sasa ni mwezi wa pili unagota 24, ajitahidi asijitahidi.

Nikamuuliza, "Mzee, ile njia yako ya asubuhi siku hizi inasoma kilomita ngapi?"

"Thelathini na nane na nusu."

"Na zamani?"

Akanyamaza kidogo. "Arobaini."

Njia ni ile ile na anageuzia pale pale. Kilichobadilika ni betri. Miezi miwili nyuma ilikwisha, fundi akachomoa ya zamani, akatia mpya, tarakimu zikawaka, kazi ikaisha. Hakumwambia kwamba kompyuta nyingi za aina hii zikikosa umeme husahau kila kitu na kurudi kwenye namba ya kiwandani. Yake ilirudi kwenye 2055, ambayo ni mzingo kwa milimita wa tairi la inchi 26. Gurudumu la mzee ni la saizi ya 700 lenye tairi la upana wa milimita 28, na jedwali la kijitabu kinachokuja na kompyuta linalipa 2136. Tofauti hiyo inakaribia asilimia 4. Fanya hesabu mwenyewe: 25 inakuwa 24. Mtu alikuwa anataka kuacha baiskeli kwa sababu ya namba moja ambayo hakuna aliyejisumbua kuirudisha.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia watu wakisema kompyuta hizi za kawaida "hazipimi vizuri". Zinapima vizuri sana. Ndani ya sensa iliyofungwa kwenye foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, kuna vyuma viwili vyembamba ambavyo hugusana kila sumaku ya kwenye spoki inapopita. Mguso mmoja ni mzunguko mmoja. Ukienda kilomita 30 kwa saa, sumaku hiyo inapita kama mara 4 kila sekunde, na kompyuta inahesabu bila kuruka hata moja. Kisha inazidisha hesabu hiyo kwa mzingo uliouandika wewe. Kosa karibu lote linatoka hapo, kwenye namba tuliyoiandika sisi, au tuliyoacha kuiandika.

Basi ipime. Jedwali la kijitabu ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu halijui uzito wako wala upepo uliojaza, na tairi likikaliwa linabonyea, mzingo unapungua. Tulifanya hivi uani kwa mzee, dakika kumi tu. Tulijaza upepo kama anavyojaza siku zote, tukaweka valvu ya gurudumu la mbele chini kabisa, tukachora mstari wa chaki sakafuni. Mzee akapanda na kukaa kitini hasa. Mimi nikashika usukani na kumsogeza taratibu, mstari mnyoofu, huku nikihesabu. Mizunguko mitatu kamili, valvu chini tena, chaki ya pili. Futi ya utepe ikasoma milimita 6,354. Gawanya kwa 3, unapata 2118. Tunazungusha mara tatu kwa sababu ukikosea milimita chache katika kuchora, kosa hilo nalo linagawanywa.

Jumamosi iliyofuata njia yake ikasoma 39.7. Kumbe hata ile arobaini ya miaka yote, iliyotokana na jedwali, ilikuwa imezidi kidogo.

Kuhusu kuchagua kompyuta sina mengi. Tarakimu ziwe kubwa, kitufe kibonyezeke ukiwa na glavu. Mimi nachukua ya waya kila mara. Isiyo na waya ni nadhifu, nakubali, lakini nimewahi kuona moja ikirukaruka namba kila taa ya mbele ilipowashwa, na ina betri mbili za kukumbuka badala ya moja. Waya uzungushe kwenye kebo ya breki, uache nafasi pale juu ya foku ili usukani ukate kona bila kuuvuta. Sumaku ipite mbele ya alama ya sensa kwa umbali wa milimita chache. Ikiwa kompyuta inakupa sifuri huku unatembea, angalia hapo kwanza kabla hujalaumu kifaa, kwa sababu mara nyingi ni sensa iliyogongwa ikageuka.

Wenye vifaa vya GPS watasema wao hawapimi gurudumu. Ni kweli, na kama unasafiri njia usizozijua, ramani ina thamani yake, siwezi kubisha. Lakini kwenye handaki au chini ya miti mizito, setelaiti zinapotea na kifaa kinabaki kukisia, wakati sumaku inaendelea kuhesabu. Pia hicho lazima ukichaji. Betri ya CR2032, ile bapa ya mviringo ya kompyuta ya kawaida, inakaa mwaka mzima au zaidi.

Kabla hujaichomoa hiyo betri, nakusihi, andika namba mbili: mzingo wako na jumla ya kilomita. Baadhi ya kompyuta zinakuruhusu kuirudisha jumla kwa mkono. Ya mzee hairuhusu. Alikuwa amepita kilomita 18,000, zote kwa miguu yake, na fundi yule akazifuta kwa sekunde moja bila hata kujua. Hilo ndilo lililomuuma mzee kuliko wastani. Sasa nyuma ya kompyuta yake kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu, kimeandikwa 2118. Na kwenye daftari lake, ukurasa wa kwanza, ameandika 18,000, kisha chini yake anajumlisha kila Jumamosi kwa kalamu.