Pinki ya vumbi: setilaiti inapoona na inapopofuka

Kila dakika 15 setilaiti za Meteosat za kizazi cha pili huipiga picha Afrika nzima, na katika moja ya picha hizo vumbi la jangwani hutokea kwa rangi ya pinki, usiku na mchana. Wapo watabiri wa hali ya hewa wanaoiamini kiasi cha kutoa tahadhari kwa kuitazama peke yake. Wapo wanaoikataa wakisema ile ni rangi, si kipimo. Mimi naona wa kwanza wana haki pale pinki inapoonekana, na wa pili wana haki pale isipoonekana. Kosa kubwa linalofanyika ni kuichukua picha isiyo na pinki kuwa ushahidi kwamba hewa ni safi.

Rangi yenyewe hutengenezwa kwa chaneli tatu za infraredi, yaani mnururisho wa joto, za SEVIRI, chombo cha kupigia picha katika setilaiti hizo: mikromita 8.7, 10.8 na 12.0. Nyekundu hupewa tofauti ya joto linalosomwa kwenye 12.0 kutoa la 10.8, kuanzia kelvini -4 hadi +2. Kijani ni 10.8 kutoa 8.7, kuanzia 0 hadi 15, kwa gama (kirekebishi cha mwangaza wa rangi) ya 2.5. Bluu ni 10.8 yenyewe, kuanzia kelvini 261 hadi 289. Chembe za madini hufyonza zaidi kwenye 10.8 kuliko kwenye 12.0, kwa hiyo nyekundu hupanda. Mchanga mtupu hutoa mnururisho mdogo kwenye 8.7, na tofauti ya kijani huwa kubwa. Vumbi likiufunika, tofauti hiyo hupungua. Ardhi ikiwa na joto, bluu hubaki juu. Nyekundu na bluu pasipo kijani ndiyo pinki. Wingu jembamba la barafu hufanya kinyume kwenye nyekundu, huonekana jeusi, na ndiyo maana ni vigumu kulichanganya na vumbi.

Nguvu ya picha hii ni saa. Chukua bonde la Bodélé kaskazini mwa Chad, kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, sakafu ya ziwa la kale iliyojaa diatomaiti nyepesi, mabaki ya mwani wadogo sana. Usiku upepo wa kasi hupita mita mia kadhaa juu ya ardhi. Asubuhi jua likishapasha ardhi, hewa huchanganyika, kasi ile hushuka chini na kufumua vumbi. Setilaiti kama Aqua, iliyopangiwa kupita mara moja mchana, yapata saa saba na nusu, hukuta vumbi limekwisha kusafiri. Ramani ya machimbuko iliyochorwa kwa picha hizo pekee huyasogeza upande upepo unakoelekea. Kwa Meteosat unarudisha picha nyuma, moja baada ya moja, mpaka unafika pale vumbi lilipoanzia. Katika Sahara, ambako vituo vya ardhini ni vichache mno kwa eneo la takribani kilomita za mraba milioni 9, hakuna chombo kingine kinachofanya kazi hiyo.

Adui wa pinki ni mvuke wa maji. Nao hufyonza zaidi kwenye 12.0 kuliko kwenye 10.8, yaani kinyume kabisa cha vumbi, na vikikutana vinafutana. Jambo hili halitokei kwa nadra. Katika Sudan ya Julai na Agosti, habubu, yaani dhoruba ya vumbi, huzaliwa na wingu la radi: mvua huipoza hewa, hewa nzito huporomoka, huenea pembeni na kusukuma ukuta wa vumbi mbele yake. Mwanzoni ukuta huo uko chini ya paa la wingu, na hakuna infraredi inayopenya hapo. Ukitoka, unatoka na hewa yenye unyevu na iliyopoa. Mtabiri huona tao la pinki hafifu likitangulia wingu jekundu-kahawia, au haoni kitu, huku vumbi linakaribia Khartoum. Pwani ya Ghuba ya Uajemi nayo hukumbwa na hili kiangazi, vumbi linalosukumwa na upepo wa Shamali kutoka Iraq linapoingia kwenye hewa yenye mvuke mwingi juu ya bahari.

Halafu kuna vumbi la chini. Likiwa karibu na ardhi na joto lake likalingana na la ardhi, tofauti ya chaneli hudhoofika, hasa usiku. Na upo upotoshaji wa upande wa pili: hewa ikikauka sana, baadhi ya miamba ya jangwani huonekana pinki bila vumbi lolote. Dawa yake inafahamika: kusanya picha za saa ileile za siku 15 zilizopita, chagua kwa kila pikseli thamani zisizo na wingu, kisha zitoe kwenye picha ya leo. Mwamba, usiobadilika, utafutika; vumbi litabaki.

Wanaotaka vipimo badala ya rangi huelekeza kwenye fahirisi ya urujuanimno, kipimo cha namna chembe za hewani zinavyofyonza mwanga huo, inayotolewa na chombo cha TROPOMI katika setilaiti ya Sentinel-5P iliyorushwa mwaka 2017. Hoja yao ni nzuri. Kwenye urujuanimno mchanga hauakisi sana, na vumbi huonekana hata likiwa juu ya mawingu. Lakini picha ni moja kwa siku, vumbi lililo chini ya kilomita moja hutoa ishara dhaifu, na moshi husoma kama vumbi. Kuanzia Desemba hadi Februari mioto ya Sudan Kusini na Afrika ya Kati huwaka wakati uleule wa vumbi la harmatani, upepo mkavu utokao Sahara. Hapa ndipo pinki inaposaidia: moshi karibu hauonekani kwenye infraredi. Fahirisi ikiwa juu, hewa ikiwa kavu na pinki haipo, shuku moshi kwanza.

Upungufu mmoja unazigusa njia zote mbili. Zinapima safu nzima ya hewa, wakati mapafu yanavuta mita mbili za chini. Kiasi kilekile cha vumbi kikikaa ndani ya kilomita moja badala ya nne, aliye ardhini huvuta mara nne zaidi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021, mikrogramu 45 za PM10 (chembe zisizozidi mikromita 10) kwa mita ya ujazo kwa saa 24, hauwezi kusomwa kwenye pinki. Leza ya setilaiti ya CALIPSO ilipima kimo cha vumbi kuanzia 2006 hadi 2023, na setilaiti ya EarthCARE imeendeleza kazi tangu 2024, ila mstari wake ni mwembamba na huwezi kuusubiri upite juu ya mji wako.

Anayehamia Meteosat ya kizazi cha tatu, inayopiga picha kila dakika 10, asinakili vizingiti vya zamani: chaneli zake ni 10.5 na 12.3, na rangi zitahama.

Kwa tahadhari ya kila siku, basi, pinki itumike kufuatilia mwendo, na ukungu wa vumbi uthibitishwe kwa ripoti za mwonekano za viwanja vya ndege. Kabla ya kuandika, mtabiri aangalie kiasi cha mvuke katika safu ya hewa na kama kuna paa la wingu. Mvuke ukiwa mwingi au wingu likiwapo, taarifa iseme "setilaiti haioni eneo hili", si "hakuna vumbi".