Aliyefundishwa Msitu na Bibi

Kijana wa siku hizi akitaka kujifunza kuishi porini, huanza na kisu. Kisu kikubwa chenye dira kwenye mpini, halafu video za jamaa anayetafuna wadudu mbele ya kamera. Sina ugomvi na kisu. Ila mwalimu ninayemwamini zaidi katika mambo haya ni msichana wa Kolombia aliyepotea msituni akiwa na miaka 13.

Tarehe 1 Mei 2023 ndege ndogo aina ya Cessna ilianguka katika msitu wa Amazon. Watu wazima wote watatu waliokuwemo walikufa, mama yake akiwa mmoja wao. Akabaki na wadogo zake watatu, kitinda mimba akiwa wa miezi 11. Mwaka wake wa kwanza aliutimiza humo humo msituni. Walipatikana tarehe 9 Juni, wote wanne hai.

Walianza na unga wa muhogo uliokuwa ndani ya ndege. Ulipokwisha, wakala matunda na mbegu za msituni. Watoto hao ni Wahuitoto, jamii ya wenyeji wa Amazon, na ndugu zao walisema bibi ndiye aliyewafundisha kipi huliwa na kipi huua. Elimu hiyo huipati kwa kambi ya wikiendi moja. Hata kwetu muhogo mchungu ni sumu usipoandaliwa vizuri, na anayejua uloweke vipi na uanike mpaka lini ni bibi yako. Umeshamuuliza?

Kuna jambo jingine ambalo halina mvuto kwenye video: kutulia. Watoto wale walikuwa wakihama, na waliowatafuta wakawa wanakuta nyayo tu na matunda yaliyong'atwa. Jeshi likarekodi sauti ya bibi na kuitangaza kwa vipaza sauti vya helikopta, akiwasihi wasiondoke walipo. Ukipotea, kaa. Na kabla hujatoka nyumbani, mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi lini.

Njaa nayo tunaiogopa kupita kiasi. Milimani kama Uluguru, mvua na baridi vitakumaliza mapema zaidi, kwa hiyo turubai jepesi lina faida kuliko mkoba wa biskuti. Kupekecha moto kwa vijiti? Jifunze, raha yake ipo. Lakini kuni zikilowa utahangaika mpaka viganja vitoke malengelenge, basi beba na kiberiti, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri.