Kambi za masikio nje ya nchi: mkishapanda ndege, nani anabaki na wagonjwa?

Kila ikikaribia Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, zinaanza kuzunguka zile klipu za kambi za masikio, yaani volontia wanaosafiri nchi nyingine kwa muda mfupi kupima watu masikio na kugawa mashine za kusaidia kusikia: mtoto anavalishwa mashine ya sikio, anashtuka, mama analia, volontia naye analia, na watu wanaandika natamani na mimi niende. Halafu anatokea mwingine anasema huo ni utalii tu uliovalishwa koti jeupe, hela ya tiketi bora mngeituma. Binafsi naona wote wana pointi, ila wanabishana kuhusu safari wakati ishu iko kwenye kile kinachoendelea timu ikishaondoka.

Wanaotetea safari hizi takwimu ziko upande wao kabisa. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2021 linasema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, milioni 430 kati yao wanahitaji huduma, na karibu asilimia 80 ya hao wanaohitaji huduma wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Sasa angalia wataalamu wako wapi: asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini zina mtaalamu wa usikivu chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Chini ya mmoja! Kwa hiyo ukimkataza mwenye ujuzi asisafiri kwa sababu kambi zina kasoro, utuambie pia nani atawapima hao watu wiki hiyo.

Na kuna vitu kambi inavimaliza palepale. Mzee ameishi miaka na masikio yaliyoziba nta, nyumbani wameshamchoka wanasema kiburi, ukimwita haitiki, anakaa kwenye kiti wanamsafisha taratibu na anasikia mazungumzo ya foleni nyuma yake. Mtoto ana punje ya mahindi sikioni, inatolewa. Mwingine sikio linatoa usaha toka mdogo na hakuna aliyewahi kuliangalia kwa taa, anapewa dawa na maelekezo ya kulikausha. Ukikumbuka kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika, hii kazi ya kuchungulia masikio, ambayo haina picha nzuri ya kuposti, ndiyo pengine ya maana kuliko zote.

Shida inaanza mtu akishavalishwa mashine. Wengi wanaichukulia kama miwani, umepimwa, umevaa, umeona, kwaheri. Mashine ya sikio haiendi hivyo hata kidogo. Chukua betri tu, zile ndogo za duara zenye kistika, ukishabandua kistika hewa inaingia na betri inaanza kazi, na haisimami tena hata uzime mashine uiweke kabatini, wiki moja au mbili imekwisha. Familia imeachiwa pakiti chache. Zikiisha wanaenda dukani wanaonyeshwa betri za saa, haziingii, au zinaingia na hazifanyi kitu, na hapo mashine inafungwa kwenye kitambaa inawekwa juu ya kabati pamoja na vyeti. Halafu kuna kile kiplastiki kinachochongwa kwa umbo la sikio. Mtoto anakua na sikio linakua, baada ya miezi kadhaa kinalegea, sauti inavuja na mashine inaanza kupiga filimbi darasani mpaka mwalimu anasema hebu vua hicho kitu. Hapo sijataja jasho, vumbi, nta kuziba kijibomba, au ile kwamba sauti inabidi irekebishwe tena mtu akishaivaa wiki kadhaa, manake ulichompangia siku ya kwanza ni makadirio tu.

Halafu ile klipu yenyewe. Mtoto wa miaka tisa ambaye hajawahi kusikia vizuri ukimwashia mashine hasikii neno mama, anasikia makelele. Kushtuka kule mara nyingi ni kushtuka kweli, na ukiangalia mkono wake unaona unaenda sikioni kutaka kuivua, ila video huwa imeshakatwa. Kutoka kwenye makelele kwenda kwenye maneno ni kazi ya miezi na miaka, inataka mtu wa kumfundisha, na huyo mtu hakuwemo kwenye ndege wala hayupo pale kijijini. Watoto wengine upotevu wao ni mkubwa kiasi kwamba mashine itawapa kidogo sana, wanachohitaji ni lugha ya alama na watu wa kuongea nayo. Kambi inapiga hodi shule ya viziwi kwa sababu watoto wote wako sehemu moja, inagawa mashine, mzazi anaambiwa sasa atasikia, na mzazi anarudi nyumbani na kuacha zile alama chache alizokuwa ameanza kujifunza. Hiyo ni hasara, tena kubwa, na sijawahi kuiona kwenye ripoti ya kambi yoyote.

Madhara ya moja kwa moja nayo yapo. Ukipima kwenye darasa lenye kelele nje, sauti za chini zinamezwa na matokeo yanaonyesha mtu ana hali mbaya kuliko alivyo. Ukiziba sikio linalotoa usaha kwa kile kiplastiki unalizidishia. Na ule udongo laini wa kuchukulia umbo la sikio, ukiusukuma bila kutanguliza kisponji na kumbe ngoma ya sikio ina tundu, unapita hadi ndani na kuutoa inaweza kuwa upasuaji. Ndio maana wanafunzi waliosafiri kufanya kile ambacho kwao wasingeruhusiwa bila msimamizi pembeni wananikera kuliko kitu kingine chochote. Sikio la maskini sio la kujifunzia.

Basi tutume hela tu? Hapo ndipo wapinzani nao wananipoteza. Hela haimfundishi muuguzi jinsi ya kushika sirinji ya ule udongo, hiyo inafundishwa mtu na mtu, bega kwa bega, mgeni anafanya wawili mwenyeji anafanya ishirini. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa mashine za sikio kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na wazo kubwa lililomo ni kugawana kazi, yaani wahudumu ambao si wabobezi wafundishwe wafanye sehemu ya huduma, wabobezi wasimamie. Mwongozo huo ukiuchukulia kwa uzito, kazi ya volontia inabadilika, haji tena kuvalisha watu mia, anakuja kuhakikisha mwenyeji anaweza kuvalisha na kurekebisha bila yeye. Picha zitakuwa chache.

Ila wakosoaji wamepatia kwenye hili: mashine za bure zinaweza kuua kliniki ndogo ya pale pale inayojikongoja kuuza betri na kutengeneza zilizoharibika. Watu wakishajua wazungu wanarudi mwakani, nani atalipia leo? Mgonjwa anasubiri mwaka mzima na sikio bovu, fundi anakosa wateja anafunga, na kambi ikirudi inaandika kwenye ripoti kwamba eneo hilo halina huduma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nenda kama umeitwa na kliniki inayofanya kazi mwaka mzima na wao ndio wanapanga foleni, sio kama kikundi chenu kimechagua nchi kwenye ramani. Kabla hujalipa nauli waulize waandaaji betri zitapatikana wapi wakishaondoka, nani ataona wagonjwa kliniki ya marudio, karatasi za vipimo zinabaki kwa nani. Wakijibu kwa kukutajia idadi ya mashine walizogawa mwaka jana, waulize ngapi bado zinavaliwa. Wakibabaika, tiketi yako hiyo ingelipa mshahara wa fundi wa hapohapo kwa muda mzuri tu, na hapo nakubaliana na wa tuma hela.

Na kwa wale msio na ujuzi mnaokusanya mashine za zamani za bibi na babu muwape volontia abebe, wazo sio baya, lakini kila kampuni ina programu yake na waya wake wa kupangia sauti, mashine nzuri bila hivyo viwili haiwezi kurekebishwa kwa mtu mwingine. Pigieni simu kliniki kwanza, waseme wanaweza kupanga za kampuni gani, ndio mkusanye hizo.