Tunasahihisha ujasiriamali bila kuuliza nani anauza nini

Nafundisha ujasiriamali katika chuo kimoja hapa Tabora. Muhula uliopita nilimpa binti mmoja C. Swali la kwanza lilitaka sifa za mjasiriamali, naye akaandika mistari miwili tu. Siku chache baadaye nikamkuta stesheni, treni ya Kigoma imeingia, anasimamia madumu yake ya mawese yakishushwa. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia, huku aibu imenijaa. Binti huyu anajua bei ya dumu kule Kigoma, gharama ya kusafirisha mzigo, na mama gani sokoni hukopa akalipa. Mtihani wangu haukumuuliza hata kimoja.

Chuo hakikosi taarifa. Tunajua mwanafunzi katoka wilaya gani, alisoma tahasusi ipi, amehudhuria vipindi vingapi. Kila mwisho wa muhula wanajaza fomu za tathmini, zinakusanywa, kisha muhula unaofuata tunarudi na noti zilezile. Hilo linaniuma.

Ningependa tuwaulize wiki ya kwanza: una biashara? Mtaji ulitoka wapi? Uliwahi kuanguka, na kwa sababu gani? Tuwaulize tena somo likiisha, na mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Bila kipimo cha mwanzo tunajipa sifa zisizo zetu. Kijana aliyekulia kwenye mizinga ya baba yake Sikonge akifungua duka la asali, tunasema ni matunda ya somo letu, kumbe ujuzi huo alikuja nao kutoka nyumbani.

Lakini wengi hawatasema kweli, na siwalaumu. Wanaogopa kwamba Bodi ya Mikopo ikisikia mtu ana genge au kibanda cha miamala, mkopo utapungua. Kwa hiyo majibu yasikae pamoja na faili la usajili. Kila mmoja apewe namba ya siri, orodha ya kuoanisha namba na majina ishikwe na mtu mmoja asiyefundisha wala kusahihisha, na mwanafunzi aelezwe mapema taarifa zake zitatumika kwa kazi gani. Tena si hisani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisigeuziwe matumizi kiholela. Anayekataa kujaza aachwe, asipunguziwe hata nusu alama.

Pale stesheni nilimuuliza yule binti angependa afundishwe nini. Hakufikiri sana. "Nijue faida yangu mwalimu, wakati mzigo nimeukopesha na nusu ya pesa bado iko kwa watu." Nilirudi ofisini nikafungua mpango wa masomo. Utunzaji wa hesabu tumeupa kipindi kimoja, wiki ya mwisho kabla ya mtihani, na mara nyingi huwa hatukifikii.