Nani anamdai nani? Fadhila zisizolingana baina ya marafiki

Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuliuliza tu ni dalili ya roho mbaya: mbona ni mimi tu? Mimi ndiye ninayepiga simu. Mimi ndiye niliyekesha naye alipofiwa, niliyemkopesha, niliyebeba makochi alipohama. Yeye nikimhitaji, hapatikani. Anayesema hivyo hutanguliza "si kwamba nahesabu", kisha hutaja fadhila moja moja hadi za miaka kumi iliyopita. Simlaumu. Nimewahi kuwa mahali pake, na najua hesabu hiyo inavyouma usiku.

Wanaomshauri hugawanyika. Wapo wanaomwambia rafiki wa kweli hahesabu: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Wapo wanaomwambia afumbue macho, urafiki ni nipe nikupe, na anayepokea tu bila kutoa ni kupe. Kila upande husema kwa uhakika mkubwa, na kila upande una hoja.

Tuanze na wasiohesabu. Tukimaliza kulipana tunasema "tumemalizana". Ni neno zuri baina ya muuzaji na mnunuzi. Baina ya marafiki linatisha, kwa sababu hulisema pia watu walioachana. Ukimsaidia rafiki leo, naye kesho asubuhi akakuletea malipo ya thamani ileile, moyo wako hushtuka kidogo: kwani amenichukulia nani? Mwaka 1979 watafiti wa saikolojia Margaret Clark na Judson Mills waliliona jambo hilo katika majaribio yao. Watu waliotarajia uhusiano wa kawaida wa kupeana walimpenda zaidi mtu aliyewalipa papo hapo kwa msaada waliompa. Waliotarajia ukaribu walimpenda pungufu. Kulipa upesi, kwao, kulikuwa kama kufunga mlango. Kwa hiyo asemaye kwamba rafiki hadai risiti hasemi maneno matupu. Deni dogo lisilolipwa mara nyingi ndilo linalotufanya turudiane: leo kwangu, kesho kwako, na hiyo kesho haina tarehe.

Lakini sikiliza vizuri ni nani hupenda kusema "marafiki hawahesabiani". Si mara zote, ila mara nyingi kiasi cha kuniudhi, ni yule ambaye hesabu ingemwaibisha. Aliyepewa shibiri akachukua pima hana hamu ya kuona fimbo ya kupimia. Na mwenye kutoa anapoanza kuchoka, huambiwa amebadilika, ana kiburi siku hizi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mema kumi ya nyuma hufutwa na ombi moja lililokataliwa.

Hapa upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 1971 mwanabiolojia Robert Trivers alieleza jinsi tabia ya kusaidiana baina ya wasio ndugu inavyoweza kudumu katika viumbe. Alisema hisia kama shukrani, haya ya kutolipa wema na hasira dhidi ya mdanganyifu zina kazi: zinalinda ule mzunguko wa kupeana usiliwe na wanaopokea tu. Mimi nachukua hapo jambo moja. Kinyongo cha aliyechoka kutoa kinaweza kuwa kengele tu inayolia, na kumwambia mtu aone aibu kwa sababu kengele yake imelia ni kumwonea.

Tatizo ni kwamba kengele hulia hata pasipo na mwizi, kwa kuwa daftari letu la fadhila limeandikwa na mtu mmoja. Michael Ross na Fiore Sicoly, mwaka uleule wa 1979, waliwauliza wanandoa kila mmoja peke yake anachangia kiasi gani katika shughuli za nyumbani. Katika shughuli nyingi, sehemu alizojitajia mume zikijumlishwa na alizojitajia mke zilizidi mia kwa mia. Si lazima yupo aliyedanganya. Kila mmoja anakumbuka mgongo wake ulivyouma. Mgongo wa mwenzake hakuwa nao.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuugusa ugomvi huu, na maelezo yake yananifanya nijione ndani yake. Aliyepokea, alisema, huidogosha fadhila: kwa mtoaji halikuwa jambo kubwa, na hata wengine wangeweza kunipa. Aliyetoa husema kinyume: nilitoa kikubwa nilichokuwa nacho, wakati wa hatari, na hakuna mwingine ambaye angetoa. Je, fadhila ipimwe kwa faida aliyoipata mpokeaji, au kwa uzito alioubeba mtoaji? Mwenye gari akikufikisha mahali, kwake ni dakika kumi za kupinda njia, kwako ni safari nzima uliyoepushwa. Wawili hao wakikaa kuhesabu kwa uaminifu mkubwa, bado hawatapata jawabu moja.

Nitaeleza langu. Kwa miaka kadhaa nilimkopesha rafiki yangu fedha, nikamwandikia barua za kuomba kazi, nikamdhamini. Moyoni nikaanza kumwita mnyonyaji, sikumwambia. Siku moja, nikiwa na hasira, nilikaa kuorodhesha niliyomfanyia ili nijipe haki ya kumwacha. Kalamu ikakwama kwenye mwaka nilioachishwa kazi. Mwaka ule alinisikiliza miezi saba nikirudia kisa kilekile, jioni baada ya jioni, bila kuniambia hata mara moja kwamba amekwisha kukisikia. Sikuwa nimeliandika hilo popote. Nililiita maongezi. Fedha nilizitia kwenye hesabu kwa sababu zina tarakimu, na masikio yake sikuyahesabu kwa sababu hayana.

Tangu siku hiyo kutolingana kwa fadhila hakunitishi tena kwa kipimo kilekile. Rafiki mwenye mgonjwa nyumbani atapokea miaka mitatu bila kutoa chochote kinachoonekana, na ni sawa kabisa. Mwenye uwezo atatoa zaidi ya asiye nao, na ni sawa. Kinachonitia wasiwasi ni kingine: je, naweza kumkatalia? Fadhila isiyoweza kukataliwa imekwisha kuwa kodi. Mkatalie rafiki ombi moja la kawaida, si la siku ya msiba, uone. Akisema "haya, nitajua la kufanya", na kesho akakupigia kukujulia hali, basi hata kama mizani imeinamia upande mmoja, bado yupo kwa ajili yako. Akinyamaza wiki tatu, au akaanza kukukumbusha kila ulichowahi kuhitaji, ujue mlango wa "hapana" ulifungwa zamani na hukuambiwa.

Kwenye fedha nina msimamo mkali zaidi, kwa sababu huko ndiko urafiki mwingi hufia. Kukopa harusi, kulipa matanga. Semeni mapema kama ni mkopo au ni zawadi. Kiwango unachoweza kukisamehe bila kununa ndicho cha kumpa rafiki. Kinachozidi hapo, mwambie huna nafasi.

Mshauri wa upande wowote, hata hivyo, humtazama mpokeaji tu kama mwenye kosa. Namtaka mtoaji naye aitwe. Marcel Mauss, mwanaanthropolojia wa Ufaransa aliyeandika juu ya zawadi mwaka 1925, alitaja wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Wa katikati ndio tunaousahau. Wapo watu wakarimu ambao hawajawahi kuomba chochote. Ukitaka kulipa, wao wamekwisha kulipa. Ukijitolea kuwasaidia, wanasema usijisumbue. Tunawasifu, lakini rafiki zao huishi na deni lisilo na njia ya kulipwa, na polepole huanza kuwakwepa. Hapo mtoaji husema shukrani ya punda ni mateke. Labda. Ila ajiulize kwanza kama alimwachia mwenzake nafasi yoyote ya kutoa.

Aristotle huyohuyo aliona kwamba mtenda wema humpenda aliyemtendea kuliko huyo anavyompenda yeye, kama fundi anavyoipenda kazi ya mikono yake. Na mwaka 1969 Jon Jecker na David Landy walifanya jaribio ambamo watu walioshinda fedha waliombwa na mtafiti mwenyewe wamrudishie, kama hisani kwake. Hao walimpenda zaidi kuliko wale ambao hakuwaomba. Nikiyaweka pamoja hayo mawili, naona kwamba asiyeomba kamwe huwanyima rafiki zake njia mojawapo ya kumpenda. Wengi hatuombi kwa kuogopa kukataliwa, na hofu hiyo imezidi kipimo: Francis Flynn na Vanessa Lake walionyesha mwaka 2008 kwamba waombaji hudhani watahitaji kuwaomba watu wengi zaidi kuliko wanaohitajika kweli kabla ya kukubaliwa.

Kwa hiyo anayeuliza "mbona ni mimi tu" namwuliza naye: mara ya mwisho ulimwomba nini, kwa maneno, si kwa kununa? Wengi hunijibu kwamba rafiki alipaswa kujua. Sikubaliani nao. Tunawahukumu watu kwa mitihani ambayo hawakuambiwa wameketi kuifanya.

Wapo bado wanaoombwa waziwazi, mara tatu, mara nne, na hawaji. Kwa hao sina la kuwatetea, wala siamini kila mmoja wao lazima akatwe. Ninaye mmoja. Nimeacha kumwomba anisaidie kubeba chochote, nimeacha kumkopesha, na nilimwambia sababu uso kwa uso. Alikasirika mwezi mzima. Sasa tunakutana kwa mazungumzo tu, mara chache kuliko zamani, na tukikutana sisubiri tena aniulize mama yangu anaendeleaje. Namweleza mwenyewe.